Chagua: Kutoka Merikani Hadi Hudi

Neno mtumba ni la zamani kuliko soko la Karume, na ni la zamani kuliko Gikomba. Kabla halijawa jina la nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine huko Ulaya au Marekani, mtumba ulikuwa mzigo wa mpagazi: nguo mpya zilizokunjwa, zikaviringishwa na kukazwa kwa kamba mpaka zikawa kama mto mrefu wa kitandani, wa karibu futi 5, wa kubebwa begani kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na wengine hadi Ujiji. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kati ya 1857 na 1859, aliuandika mzigo huo pamoja na jina lake. Uzito wake ulikuwa kama frasila 2, yaani karibu kilo 32. Belo linalofunguliwa sokoni leo asubuhi mara nyingi lina kilo 45, limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda ya plastiki, na hakuna anayelipeleka Tabora kwa bega. Lakini baadhi ya vilivyomo ndani yake vimetoka kule kule ilikotoka nguo kuu ya mtumba wa kwanza: Marekani.

Najua mada yangu inaonekana ndogo. Hudi, sweta la pamba, suruali laini ya kushinda nayo nyumbani Jumapili; nani huziandikia historia nguo za kukalia kochi? Kanga tunaiandikia kwa kuwa ina maneno, kanzu kwa kuwa ina heshima. Ila mtu yeyote anayesimama mbele ya rundo la hudi, akaigusa moja, akaivuta, akaigeuza ndani nje, kisha akairudisha na kuchukua nyingine, anafanya kazi ambayo watu wa pwani na bara wameifanya kwa karibu miaka 200. Kuna wakati kazi hiyo iliwakosesha usingizi wenye viwanda ng'ambo ya bahari. Ndiyo habari ninayotaka kuisimulia: si nani alishona, bali nani alichagua.

Tuanze na nguo iliyopewa jina la nchi.

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja. Alikuwa mfanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na watu wa Salem walikuja kutafuta pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Kwa upande wao walikuwa na bidhaa moja iliyowafungulia milango yote: nguo ya pamba nzito, isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyokaa. Watu hawakusumbuka kuitafutia jina. Waliiita merikani, Kenya bado wapo wanaosema amerikani. Kwa watu wengi wa bara, Merikani ilikuwa nguo kabla haijawa nchi.

Isidhaniwe kwamba nguo hiyo iliwakuta watu hawajui nguo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale zikipelekwa hadi Misri. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigurudumu vya kusokotea uzi. Unguja yenyewe ilikuwa imejaa nguo za Oman na India zenye majina yake: debwani, barsati, sahari, bafta, kaniki. Kwa hiyo merikani haikuja kuvika watu waliokuwa uchi, kama baadhi ya wasafiri wa Kizungu walivyopenda kueleza. Ilikuja kushindana mbele ya wateja wagumu, ikashinda.

Ilishinda kwa nini? Kwa sababu ilikuwa nguo isiyo na ujanja. Uzi wake mnene, mtande na mshindio wake umebana. Ukiifua inabaki nguo. Ukiitia nili inashika rangi. Mkulima aliweza kuivaa shambani, na mfanyabiashara aliweza kuitumia kama fedha. Vipimo vyake vilikuwa vya mwilini: mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Jora ni lile furushi zima la kiwandani. Leo ukiingia duka la kanga ukaomba doti, unatumia kipimo cha msafara.

Na wateja wa bara walikuwa na masharti. Henry Morton Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, ilibidi akae na wafanyabiashara Waarabu ajifunze nguo ipi inakubalika wapi na shanga za rangi gani zinakataliwa wapi. Kosa lake ni mtu kubaki na mizigo isiyonunua hata kuku. Ukisoma maisha ya Tippu Tip aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili utakuta dunia hiyo hiyo, ambamo bidhaa hutajwa kwa jina na hesabu kama vile jemadari anavyotaja vikosi vyake. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameifuatilia biashara hii katika kitabu chake Domesticating the World, na anachokionyesha kinawashangaza waliozoea kusikia kwamba Afrika ilipokea tu: matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalifika hadi kwenye viwanda vya Massachusetts na baadaye vya Bombay, na wenye viwanda walilazimika kuyafuata. Mnunuzi wa Unyamwezi, ambaye Salem hawakumjua sura wala jina, alikuwa anawaamulia unene wa nguo.

Hapa sitaki kufurahi kupita kiasi, maana nguo hiyo ilibeba mambo mengine.

Merikani ilifumwa katika miji kama Lowell, kando ya mto Merrimack, na baadaye Salem penyewe, ambako kiwanda cha Naumkeag kilianza kazi mwaka 1847. Waliosimama kwenye mitambo ya Lowell walikuwa zaidi wasichana waliotoka mashambani. Waligoma mwaka 1834 na tena 1836, na kuanzia 1840 baadhi yao walikuwa wakiandika hadithi na mashairi katika jarida lao, Lowell Offering. (Kwa wapenzi wa fasihi, hilo peke yake lingestahili makala yake: wafuma nguo wenye jarida la fasihi.) Pamba waliyoifuma ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini mwa Marekani. Kisha nguo ikavuka bahari, ikafika Unguja, na mmoja wa wavaaji wake wakubwa alikuwa mtumwa wa shamba la karafuu. Yaani uzi ule ule uliguswa na mtumwa mwanzo wake na mtumwa mwisho wake, na katikati kuna watu wa Salem wakihesabu faida.

Unguja na pwani, nguo ilikuwa inasema cheo chako kabla hujafungua mdomo. Kofia, viatu, hizo zilikuwa alama za uungwana. Merikani tupu, isiyotiwa rangi, ilikuwa alama ya upande wa pili. Laura Fair, katika Pastimes and Politics, ameeleza vizuri jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoanza kuibadilisha: waliichovya kwenye nili ikawa ya rangi ya kaniki, kisha wakahamia kwenye kanga zenye rangi na michoro, hasa baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897. Hawakusubiri mtu awaambie kwamba wao sasa ni waungwana. Walikwenda dukani. Kwa mtu aliyekuwa akivalishwa na bwana wake, kusimama mbele ya mwenye duka na kusema "hii siitaki, nipe ile" si jambo dogo hata kidogo.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Marekani, na merikani ikaadimika. Ilipokuja kurudi, nafasi yake ilikuwa na washindani. Viwanda vya Bombay, ambako mtambo wa kwanza wa pamba wa kisasa ulianzishwa miaka ya 1850, vilikuwa karibu zaidi, na vilikuwa na mawakala wao Unguja waliojua wateja kwa majina. Waingereza nao walijaribu. Ila Lancashire ya miaka ile ilikuwa na tabia mbaya: pamba ilipopanda bei, wafumaji walizidisha wanga na udongo mweupe kwenye nguo ili iwe nzito mkononi. Dukani inajaa kiganja, inapendeza. Siku ya kufua, udongo unakwenda na maji, na wewe unabaki na kitu kama chandarua. Ujanja huu ulilalamikiwa hasa India na China. Ukiujua, utaelewa kwa nini mwanamke wa pwani hakuamini nguo mpaka ameifikicha.

Jambo moja la shambani nilipitie haraka, maana ni refu na lina waandishi wake. Wajerumani waliitaka pamba yetu kwa viwanda vyao, wakailazimisha ilimwe. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikawa vimeanza. Dukani tulikuwa tunachagua. Shambani hatukuchagua.

Sasa tuje kwenye hudi.

Tofauti ya kwanza kati ya merikani na hudi inaonekana ukiusogelea uzi. Merikani ni nguo ya mtande na mshindio: nyuzi zimelala, nyingine zimepita juu na chini, kama mkeka. Ukiivuta haiendi popote. Hudi, kama ilivyo fulana na soksi, ni nguo ya vitanzi: uzi unapita ndani ya kitanzi cha uzi, safu juu ya safu. Ukiivuta vitanzi vinafunguka, ukiiachia vinarudi. Ndiyo maana inamfuata mtu akikaa, akiinama, akijikunja kwenye kochi. Nguo ya mtande inakutaka ukae vizuri. Nguo ya vitanzi inakuacha ulivyo.

Neno sweta lenyewe limezaliwa kutokana na neno la Kiingereza la jasho, kwa sababu wanamichezo walilivaa ili watoke jasho. Wakati huo lilikuwa la sufu. Habari inayosimuliwa mara nyingi ni ya Alabama, mwaka 1926: kijana wa familia ya Russell, wenye kiwanda cha nguo katika mji wa Alexander City, alikuwa akicheza mpira wa Kimarekani chuoni na sufu ilikuwa inamwasha. Akamshauri baba yake atengeneze jezi kwa kitambaa cha pamba cha vitanzi kilichokuwa kikitumika kwenye nguo za ndani za wanawake. Sweta la pamba likazaliwa hivyo, katika jimbo ambalo miaka 70 tu kabla yake pamba ilikuwa kazi ya watumwa.

Kaskazini, Rochester katika jimbo la New York, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1919 na baadaye kujulikana kama Champion ilikuwa na tatizo lingine. Nguo ya vitanzi ikifuliwa inarudi kwa urefu. Unanunua sweta linalofika kiunoni, mwezi unaofuata linafika kitovuni. Mwaka 1938 wakaandikisha njia yao: kukata kitambaa kikiwa kimelazwa kwa upana badala ya urefu, ili kurudi kwake kuelekee pembeni, na baadaye wakaongeza mbavuni vipande vinavyovutika. Ni akili ndogo ya mkasi, si ya kemia, na bado inafanya kazi. Kofia ya nyuma nayo, ile inayoifanya hudi iitwe hudi, iliongezwa miaka hiyo ya 1930 kwa ajili ya wanamichezo na wafanyakazi wa maghala ya baridi. Kwamba leo inavaliwa Mbagala saa nane mchana ni habari nyingine.

Na kemia ilifika. Mwaka 1941, Manchester, wataalamu wawili wa chama cha wapiga chapa nguo za pamba, Whinfield na Dickson, walivumbua uzi wa poliesta. Angalia kejeli yake: watu waliokuwa wakila kwa pamba ndio waliotengeneza mpinzani wake. Wazee wetu waliujua kwa jina la terelini, suruali isiyohitaji pasi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha Malden Mills kikautoa uzi huo kama kitambaa cha manyoya, laini, chepesi, kinachokauka haraka na kuhifadhi joto kama sufu. Kiwanda hicho kilikuwa Lawrence, Massachusetts. Fungua ramani: Lawrence iko kando ya mto Merrimack, chini kidogo ya Lowell. Bonde lile lile lililotuletea merikani ndilo lililoleta yale majaketi ya manyoya yanayojaa kwenye mabelo kila mwezi Juni.

Huku kwetu, katikati ya habari hizo mbili, kuna miaka ambayo tulijaribu kujivika wenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kukawa na Mutex. Kenya kulikuwa na Kicomi Kisumu na Rivatex Eldoret. Vilitoa khanga, vitenge, mashuka, nguo za mtande na mshindio. Miaka ya mwanzo ya 1980 nguo zikaadimika Tanzania kiasi kwamba watu walipanga foleni, na biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ikaingia kama maji. Wazee waliiita kafa Ulaya, kwa kuamini, au kwa kutania, kwamba mwenye nguo amefariki ndipo nguo ikaja. Viwanda vingi vikafunga, kwa sababu za mitumba na kwa sababu nyingine nyingi, kuanzia umeme hadi uongozi. Anayekwambia ni mitumba peke yake anakuficha jambo. Pamba ya Simiyu na Shinyanga ikaendelea kuondoka ikiwa marobota ghafi. Baadhi yake, kwa njia ndefu, inarudi ikiwa hudi.

Sasa nenda sokoni utazame mikono ya watu.

Mnunuzi mzoefu hatazami chapa kwanza. Anagusa. Anashika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, anakisugua, anapima unene. Wanaouza vitambaa hupima kwa gramu kwa mita ya mraba: sweta jepesi lina kama gramu 220 au 250, zito linapita 300. Sokoni hakuna mzani wa hivyo, ila mkono uliozoea haukosei sana. Kisha anaigeuza ndani nje, na hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, maana hudi husema ukweli kwa ndani.

Ndani kuna mambo matatu. Kuna vitanzi vilivyoachwa wazi, vinaonekana kama taulo dogo. Hiyo ni ya kuvaa Dar, Mombasa, Tanga: inafyonza jasho, inapitisha hewa, unaweza kukaa nayo barazani usiku wa Julai bila kujuta, au kwenye basi la alfajiri la kwenda Mbeya mpaka jua litakapochomoza. Pili, kuna vitanzi vilivyochanwa kwa brashi za chuma mpaka vikawa manyoya. Manyoya hushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo joto lenyewe. Hiyo ipeleke Njombe, Lushoto, Limuru. Ukiivaa Kariakoo umejitafutia adhabu. Tatu, kuna ile ya Lawrence na nduguze, manyoya nje na ndani, poliesta tupu: nyepesi, inakauka hata msimu wa mvua, lakini jasho inaliacha hapo hapo likukalie, na karibu na jiko la mkaa cheche moja inatoboa tundu lenye ukingo mgumu.

Lebo ikiwepo, soma. Pamba 100 ni tamu mwilini lakini inarudi, na ikilowa ni nzito kama mtoto aliyelala. Pamba 80 kwa poliesta 20 ndiyo ninayoipenda kwa nguo ya nyumbani: poliesta inashikilia umbo, pamba inashughulika na ngozi. Nusu kwa nusu inaishi muda mrefu, ila huota vinundu. Sababu ya vinundu ni ya kuchekesha kidogo. Nyuzi za pamba nazo huchomoka na kujiviringa, lakini ni dhaifu, zinakatika na kuanguka. Za poliesta ni imara mno, kwa hiyo kinundu kinabaki kimening'inia pale pale. Nguo inachakaa kwa sababu uzi wake haukubali kuchakaa.

Lebo ikiwa imekatwa, na mara nyingi imekatwa, kuna kiberiti. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, nyumbani, si mbele ya muuzaji. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, inaacha majivu mepesi. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu. Mchanganyiko unafanya vyote viwili. Kisha vuta ukingo wa mkononi na wa kiunoni: ukirudi mara moja, nguo bado ina miaka, ukibaki umelegea kama mdomo wa mlevi, iache. Mwisho itazame dhidi ya mwanga kwenye viwiko.

Watu wanaosema mitumba ni uchafu wa wengine wana hoja, na nitaifikia. Lakini kuna jambo wasilolitazama. Hudi ya mtumba imekwisha kufuliwa. Kama ilikuwa ya kurudi, imekwisha kurudi. Kama ilikuwa ya kuchuja, imekwisha kuchuja. Udongo wa Lancashire, kama ulikuwemo, umeondoka na maji ya mtu mwingine. Hudi mpya ya bei nafuu iliyotundikwa dukani inang'aa, laini kama paka, na ulaini huo mara nyingi ni dawa ya kulainishia iliyopakwa kiwandani, inayokwenda na maji ya kwanza na ya pili. Ni ujanja ule ule wa karne ya 19 katika vazi jipya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walisema, ila siku hizi kibaya kinajitembeza kikiwa kimepakwa mafuta.

Hoja yao ni hii. Mabelo yenyewe yamebadilika. Wauzaji wanalalamika kwamba nguo za viwanda vya haraka, zilizoshonwa ili zivaliwe mara chache, zimezidi. Wanalipa belo bila kuliona ndani, na wakifungua wanakuta nusu haifai. Gikomba nguo za kwanza kabisa huitwa kamera, na za mwisho huitwa fagia, na siku hizi fagia ni nyingi. Hapo mnyororo wa kuchagua umegeuka. Merikani ilikuja Unguja kwa sababu mnunuzi wa bara aliitaka hivyo na si vinginevyo. Belo linakuja kwa sababu mtu wa kule hakuitaka nguo. Uchaguzi wa kwanza ni wake, wa pili ni wa ghala la kuchambulia, wetu ni wa mwisho.

Machi 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao kwamba hatua hiyo inavunja masharti ya AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa kwenye mpango wa kuzuia, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakataa, na mwisho wa Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu hiyo kwa nguo zinazotoka Rwanda.

Linganisha na Waters wa 1837. Wakati ule mtu wa Massachusetts alikuwa akiandika barua nyumbani kueleza wateja wanataka nini. Miaka 180 baadaye mteja anaambiwa kwamba kukataa kuna gharama yake. Na majina yenyewe yanajua. Zambia wanaziita nguo hizi salaula, neno la Kibemba la kuchakura rundo na kuchagua. Rwanda, nchi iliyokataa, inaziita caguwa. Neno hilo ni Kiswahili, ni chagua ya mpiga debe wa sokoni: chagua, chagua, bei moja!

Mimi nadhani ujuzi ule wa mikono haujafa, umehama tu. Miaka ya karibuni vijana wanaoshona hudi zao wenyewe wameongezeka, Dar na Nairobi, wenye chapa ndogo za kuuza kwenye simu. Kitambaa chenyewe wengi wananunua cha kutoka nje, na kwa kuwa ni cha vitanzi na kinavutika, huuzwa zaidi kwa kilo kuliko kwa mita: mita inadanganya, kilo haidanganyi. Wengi wao walianza kwa kuuza mitumba. Wamegusa hudi maelfu kabla hawajakata hata moja, wanajua mshono gani ulifumuka na ukingo gani ulidumu. Nenda kwa mmoja wao umwambie unataka hudi. Hatakuuliza rangi kwanza. Atakuuliza unaishi wapi, kisha atakupa vipande viwili uvishike, cha vitanzi na cha manyoya.